Kilomita 556 angani ni muda gani?

*Kikundi: Ukoo wetu*

*Mwanaidi:* Shikamooni. Ramani inatoa km 720 kati ya viwanja viwili vya ndege, kikokotoo cha ndege kinatoa 556. Nishike ipi?

*Mjomba:* Marahaba. 720 ni ya barabara. Ya ndege hupimwa kwa mstari mfupi kabisa juu ya mviringo wa dunia. Digrii 1 ya latitudo ni maili 60 za baharini, kila maili km 1.852, yaani km 111 hivi. Viwanja vyako karibu na ikweta vikipishana digrii 4 za latitudo na 3 za longitudo, ulalo wa pembetatu ni digrii 5 (4×4 + 3×3 = 5×5): maili 300, km 556.

*Kaka Hamisi:* Hiyo ni karibu na ikweta tu. Longitudo hubanana ukielekea ncha za dunia. Kwenye latitudo 60 digrii yake ni nusu, hapo zidisha kwa kosaini ya latitudo kwanza.

*Shangazi:* Na angalieni mnavyoandika namba, makosa mengi yako hapo. 2°30′, yaani digrii 2 na dakika 30 (nusu digrii), ni 2.5, si 2.30. Ukikosea hapo umeshapotoka km 22. Kusini weka alama ya kutoa. Kiwanja cha digrii 2 kusini na cha digrii 2 kaskazini, ukisahau alama, kikokotoo kitadhani viko latitudo moja.

*Mwanaidi:* Sawa shangazi. Kwa hiyo 556 gawa kwa mwendo?

*Mjomba:* Hapo ndipo watu hupotea. Ndege ya pangaboi kama ATR 72 huenda kama km 500 kwa saa, inatoka dakika 67. Lakini kuna kutembea uwanjani, kupanda, kushuka na kujipanga kutua. Ongeza 20 hadi 30. Saa moja na nusu ndiyo hesabu ya kweli.

*Kaka Hamisi:* Jeti ya km 800 haikuokolei sana kwa umbali huo. Ikishafika kimo chake, muda si mrefu inaanza kushuka. Dakika zile za uwanjani ni zilezile.

*Shangazi:* Upepo je? Wa mbele wa km 60 kwa saa unakupa dakika 76 kwenda, 60 kurudi. Jumla 136, bila upepo 134. Haujifidii, kwa sababu unakaa muda mrefu zaidi ndani ya ule unaokurudisha nyuma.

*Mwanaidi:* Mbona tiketi inaandika kuondoka 10:00, kufika 10:30?

*Mjomba:* Kila saa kwenye tiketi ni ya mahali penyewe. Unaelekea magharibi, saa za huko ziko nyuma kwa moja. Safari yenyewe ni ya saa moja na nusu. Na 10:00 ni ndege kuondoka kwenye maegesho, si kuacha ardhi.

*Kaka Hamisi:* Ukiunganisha ndege nyingine, hesabu kuanzia hiyo 10:30, kisha ongeza muda wa mizigo.