MREJESHO: Buibui wanaoishi kwa ujamaa kwenye migunga

Habari zenu wakuu. Niliuliza hapa namna ya kujua ni nani hutangulia kuvamia windo kwenye kiota cha buibui Stegodyphus mimosarum, ambao huishi wengi pamoja kiotani. Ahsanteni sana kwa majibu.

Kutikisa utando kwa mswaki wa umeme, ili wadhani windo limenasa, kumefanya kazi vizuri mno. Wanachungulia mlangoni, wanavutavuta nyuzi kwa miguu, halafu wanatoka mbio. Mimi jioni ndiyo niliwapata wengi.

Alama za rangi mgongoni, za kumtambua kila buibui, zimefaulu nusu. Kwa majike wakubwa zinakaa, lakini wadogo wakijivua ngozi, rangi inaondoka nayo. Kwa hiyo swali langu limejibika kwa wakubwa tu.

Aliyeniambia nimsome jamaa yao, Stegodyphus lineatus, Mungu akubariki! Yule mama hulea peke yake, watoto humla, kisha hutawanyika. Hawa wa kwangu hawatawanyiki: wanazaliana humohumo kiotani, na majike ni wengi kuliko madume. Kinachonistaajabisha ni kwamba ujamaa huu umeibuka mara 3 tofauti ndani ya jenasi hiyo moja ya Stegodyphus (yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu). Utafiti wangu sasa nimeuelekeza huko.