"PANYA AMEPONA, WEWE NANI?" Huyu jamaa leo kanitibua!

Wakuu, nimetoka jimu sasa hivi, hata viatu sijavua. Yule jamaa wetu wa sindano, mnamjua, leo kanidhalilisha mbele za watu.

Kano yangu ya kisigino ina mwezi wa nne inanitesa. Kaja na kichupa cha BPC-157, kitu cha kudunga kinachosifiwa kuponya majeraha, eti siku kumi nakimbia kama swala. Nikamuuliza kistaarabu: kuna utafiti kwa binadamu? Akapaza sauti mpaka waliobeba vyuma wakavishusha: "PANYA AMEPONA, WEWE NANI?"

Jimu nzima kicheko. Kuna mzee alicheka mpaka akashikilia mashine.

Nikageuza kichupa. Lebo inasema kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu. Nikamwonyesha. Akarudia: panya amepona!

Na panya wenyewe wengi ni wa kundi moja la watafiti kule Zagreb, Kroatia. Kwa watu ni vijitafiti vya kuhesabu vidoleni, watu kiduchu, mara nyingi hata kundi la kulinganisha hakuna. WADA, wale wa dunia wanaopambana na dawa haramu michezoni, wameitaja kwenye marufuku tangu 2022, na mimi nina mashindano! Panya anapimwa mkojo?

Wewe nani. Mimi!

Kisigino_Chuma: Kwani panya alipona kweli?

Mama_Skwati: Alipona, kisha akachinjwa waitazame kano. Hapo jamaa hafiki.

Dogo_Benchi: Nilikuwepo. Mleta uzi alijibu "samahani kaka".

Mleta uzi: Muongo! Nilisema "sawa".

Beki_Mstaafu: Wachezaji 34 wa Essendon, klabu ya mpira Australia, walifungiwa 2016 kwa thymosin beta-4, kitu kingine kama hicho kilichopigwa marufuku. Nao walisaini fomu wakijua mambo safi.

Poa_Tu: Mimi nilijidunga begani, wiki sita nikapona. Bakini na makaratasi yenu.

Mama_Skwati: Langu lilipona wiki sita kwa mazoezi ya kamba ya mpira. Nikauze kamba?

Kisigino_Chuma: "Sawa" 😂😂 mtu katukanwa kwa panya kajibu sawa

Dogo_Benchi: Mimi kero yangu ni wanaoacha jasho kwenye benchi. Taulo kazi yake nini?

Poa_Tu: Na wanaokalia mashine ya miguu wakichati nusu saa!

Beki_Mstaafu: Na wasiorudisha vyuma!!

Mleta uzi: Jamani, turudi kwa panya.

Dogo_Benchi: Taulo, mkuu. Tuko kwenye taulo.