Eneo la wazi linatuamisha maji: tumwage pevingi au tufanyeje?

Mdau_Kijitonyama
Wakuu, habari za leo. Mtaa wetu huku Kijitonyama umebakiwa na eneo moja la wazi, mita 60 kwa 45, tambarare, udongo wa kichanga ulioshindiliwa na mpira wa vijana na magari yanayoegeshwa. Masika maji yanatuama siku tatu, nne. Mtaro wa mtaa unapita upande wa kaskazini, ukijaa unamwagikia ndani. Vijana wanataka kiwanja chao kibaki, akina mama wanataka kivuli na mabenchi. Mkandarasi mmoja ametushauri tusakafie lote kwa vitofali vya pevingi na kuzungushia miti ya mashoki. Kamati inakutana wiki ijayo. Pevingi ina ubaya gani, na tuanzie wapi?

Maji_Hufuata_Mteremko
Mkuu, piga hesabu kwanza. Chukua mvua nzito moja ya milimita 50. Eneo lenu ni mita za mraba 2,700. Udongo ulioshindiliwa namna hiyo unatiririsha karibu nusu ya mvua, sawa na mita za ujazo 67 hivi. Weka pevingi juu ya kifusi kilichopigwa kompakta, utatiririsha kama asilimia 90, yaani mita za ujazo 121. Hayo maji yataingia nyumba ya chini yenu, na lawama zitarudi kwenye kamati. Pevingi iishie kwenye njia za miguu, upana mita 1.5, ilazwe juu ya mchanga, na maungio yajazwe mchanga, siyo saruji.

Kabla ya kuchora chochote, pimeni udongo unanyonya kiasi gani. Chimba shimo la sentimita 30 kila upande na kina hichohicho. Jaza maji, yaache yaishe. Jaza tena yaishe. Mara ya tatu ndiyo unasimamisha rula na kusoma yanashuka milimita ngapi kwa saa. Ukipata 25 na kuendelea, mko vizuri. Ikiwa chini ya 12, msiutegemee udongo peke yake. Fanyeni mashimo matatu sehemu tofauti, moja liwe pale yanapoegeshwa magari. Halafu chimbeni la nne hadi mita 1.5 mwone maji ya chini yako wapi. Pimeni sasa hivi Aprili. Kipimo cha Agosti kitawadanganya.

BwanaMiti
Kuhusu mashoki: unapanda mti uliosimama kama nguzo halafu unadai kivuli? Unafaa kuficha ukuta wa jirani, basi. Kivuli cha watu kinatoka kwenye mti unaotanua matawi. Kwa eneo hili ningeweka mikwaju miwili mitatu (inakawia, lakini inadumu vizazi), mizambarau michache, na mkungu mmoja au miwili kwa ajili ya kivuli cha haraka. Mkungu usiukaribishe mtaroni, majani yake mapana ndiyo yanayoziba wavu. Mwarobaini upo kila kona tayari na ndege wanausambaza bure, hauna haja ya kupandwa. Pale panapobaki na unyevu, mkindu utafurahi.

Mpangilio una maana kuliko idadi. Jua linalochoma watu ni la saa nane hadi saa kumi na moja, liko magharibi, kwa hiyo mti ukae magharibi ya benchi. Watu wengi wanapanda mti nyuma ya benchi bila kuangalia dira, kisha mchana benchi linabaki jiko. Acha mita 8 kati ya mti na mti.

Shimo liwe sentimita 60 kwa 60, kina 60. Udongo wa juu uweke kando, uchanganye na debe mbili za samadi iliyooza, urudishe huo kwanza. Kiriba (mfuko wa plastiki wa mche) kichanwe na kitolewe chote. Ukikuta mizizi imejizungusha kama kamba, ikate pembeni kwa kisu, la sivyo mti utajinyonga baada ya miaka kadhaa na kuangukia watu. Shingo ya mti (pale shina linapokutana na mizizi) iwe usawa wa ardhi. Kuirundikia udongo shinani kunaozesha gome. Lita 20 mara mbili kwa wiki kwa kiangazi cha kwanza na cha pili. Na tafadhali, msijenge kile kizingo cha saruji kilichobana shina na kukipaka chokaa. Acheni duara la mita 1.5 lenye matandazo tu.

Afya_ya_Mtaa
Naona hakuna aliyegusa mtaro. Mvua ikipiga usiku kuna watu wanatapisha vyoo, na kila mtu anajua. Maji ya mtaro huo yasiingie kabisa mahali watoto wanapochezea. Inueni ukingo wa mtaro upande wenu kwa sentimita 20, msafishe mchanga uliojaa humo, ndipo mpange hayo mengine. Maji mtakayohifadhi yawe ya mvua iliyoanguka ndani ya eneo lenyewe.

Jambo la pili ni mbu. Penye joto kama la Dar, yai la mbu linaweza kufika mbu kamili ndani ya wiki moja hivi. Maji yakikauka ndani ya saa 48 hamna tatizo. Yakikaa siku nne kama sasa, na mvua nyingine ikaongezea kabla hayajaisha, mmefuga. Mapipa ya taka yawe na vifuniko: kunguru weusi wakishazoea jalala hawabakizi kifaranga cha ndege mwingine.

Mdau_Kijitonyama
Asanteni sana. Tumepima. Mashimo mawili yametoa milimita 20 kwa saa, la kwenye maegesho 6 tu. Shimo refu limeonyesha maji kwenye mita 1.1. Nilitaka tuchimbe bwawa la kunyonya la sentimita 30, chini yake tuweke nusu mita ya mchanga na mboji kama nilivyoona kwenye michoro ya nje. Itafaa?

Maji_Hufuata_Mteremko
Hapana. Jumla yake ni sentimita 80, unabakiwa na 30 tu hadi maji ya chini. Masika ikikolea yatakutana, na bwawa litageuka kisima kichafu. Acheni angalau 60. Kwenu suluhisho ni kina kifupi na eneo pana: sentimita 15 kwenye mita za mraba 450, mnapata nafasi ya zile mita za ujazo 67 zinazotiririka. Siyo lazima lionekane bwawa. Liwe uwanja wa nyasi uliozama kidogo, kingo zimelazwa kwa mteremko wa 1 kwa 4 ili mtoto asijikwae na mashine ya kukatia nyasi ipite. Kavu, watu wanakalia. Mvua ikipiga, linapokea. Lichimbwe mbali na maegesho.

Kwa milimita 20 kwa saa, sentimita 15 zinaisha ndani ya saa 7 na nusu. Nyasi zikikanyagwa uwezo unashuka, kwa hiyo hesabu nusu yake, saa 15. Bado mko ndani ya zile 48. Lainisheni sakafu yake sentimita 20 kwa jembe la uma, mwageni mboji kidogo, pandeni ukoka. Trekta lisipite humo tena baada ya hapo.

Kiwanja cha mpira, mita 40 kwa 25, kikae juu na kiteremke kidogo kuelekea kwenye nyasi. Msikilainishe, kishindilieni na kisawazisheni tu. Pale maji yanapoingilia wekeni chemba ya kunasa mchanga, mita 1 kwa 1, kina sentimita 60. Isafishwe mwisho wa Februari na mwisho wa Septemba, na kila baada ya mvua kubwa. Chemba isiposafishwa, mchanga unaziba ukoka na miaka miwili mbele mtaniambia mfumo haufanyi kazi. Wekeni pia mdomo wa kumwagia wa upana mita 1.5, usawa wa sentimita 15 kutoka sakafu ya nyasi, unaorudisha ziada mtaroni. Hakikisheni kwa mpira wa maji (bomba lenye maji la kupimia usawa) kwamba mdomo huo uko juu kuliko maji ya mtaro ukiwa umejaa, vinginevyo mtaro ndio utakaomwagikia kwenu kwa njia hiyohiyo.

Ramani_na_Bikoni
Kabla ya jembe la kwanza: pateni kwa afisa mipango miji nakala ya mchoro unaoonyesha ardhi hiyo yote kama eneo la wazi, na mpimaji awaoneshe bikoni (alama za mipaka) zote. Kama moja haionekani, irudishwe kwanza. Maegesho yazuieni kwa nguzo fupi za zege kila mita 1.5, moja iwe ya kung'oleka kwa ajili ya gari la zimamoto na la taka. Udongo uchimbwe Julai hadi Septemba, miti ipandwe vuli ikianza.