Tupeane uzoefu: usukani wa gari la zamani uliogoma kutoka

NatiYaKati
Wakuu, kuna picha inazunguka ya usukani wa bakelaiti uliopasuka vipande vitatu, na pembeni yake imelala nyundo. Roho imeuma. Hebu tupeane uzoefu: kuutoa usukani wa gari la zamani na kuurudisha, huwa panaharibika wapi?

MzeeWaSpana
Panaharibika kabla hata spana haijashikwa. Watu hawatafuti katikati. Zungusha mpaka mwisho wa kushoto, kisha uende mpaka mwisho wa kulia ukihesabu. Ikitoka mizunguko mitatu na nusu, rudi mmoja na robo tatu. Hapo ndipo katikati ya boksi ya stelingi, ile yenye gia zinazopeleka mzunguko wa usukani kwenye tairi. Sasa angalia tairi za mbele zinatazama wapi na usukani umekaaje. Kama umekaa kombo, andika hilo kombo kabla ya kugusa nati, maana baadaye hutajua kama ulilikuta au umelileta mwenyewe.
Halafu alama. Chukua senta panchi (chuma chenye ncha cha kugongea alama), kidoti kimoja kwenye ncha ya shafti, kingine kwenye kitovu cha usukani, vitazamane. Chaki inaondoka na tone la kwanza la mafuta ya kutu.

Kipenga
Na betri jamani. Acha waya wa betri mahali pake uone honi itakavyowaita majirani.

BiTorki
Toa hasi kwanza, ndiyo.

MzeeWaSpana
Bi Torki, si lazima iwe hasi. Gari nyingi za Uingereza za miaka ya 50 na mwanzoni mwa 60 zimefungwa chanya kwenye bodi. Toa waya uliokamata bodi, alama yake iwe yoyote ile.

BiTorki
Hilo nakupa, mzee. Ila mseme pia kwamba si kila usukani una nati katikati. Land Rover Series II unashikwa na bolti ya kubana kwenye kitovu. Series III ndiyo wenye nati. Mtu anang'oa kifuniko cha honi anatafuta nati ambayo haikuwekwa hapo. Mercedes W123 ni bolti ya alenki namba 10, na kifuniko chake kinavutwa kwa mikono tu, hakina skrubu. VW Beetle nyingi ni nati ya 27.

Soketi27
Beetle ni raha. Meno ya shafti yake yamenyooka, ukilegeza nati unautikisa kushoto kulia unakuja.

FundiKimya
Raha hiyo ndiyo inayowaponza wakihamia gari lenye shafti ya mteremko, yaani inayopungua unene kuelekea ncha. Ngoja niwaeleze inavyokwenda, maana makosa ni yale yale kila mara.
Mtu amekaa kitini, nati ameitoa yote, ameiweka mfukoni. Anavuta, haukubali. Anaweka miguu kwenye dashibodi, anavuta kwa mgongo. Shafti ya mteremko haiachii kidogo kidogo. Imekamatana, imekamatana, halafu mara moja PA! Usukani wote unakuja usoni kwa nguvu ile ile aliyokuwa akivutia. Meno mawili, mdomo, wakati mwingine pua. Na waya wa honi umekatika juu ya hayo.
Dawa yake ni ya bure: usitoe nati yote. Ilegeze mpaka ibaki imeshika nyuzi mbili au tatu. Usukani ukiachia, unagonga nati na kusimama hapo. Ndipo uitoe.
Sasa yule aliyeogopa kuvuta anachukua nyundo na kupiga ncha ya shafti huku mwenzake anavuta. Ncha inafura kama uyoga, nati hairudi tena. Hilo ni dogo. Kwenye gari za GM (General Motors) kuanzia modeli ya 1967, kolamu, yaani nguzo inayobeba shafti ya usukani, imetengenezwa ijikunje dereva akiigonga kifua, na sehemu zake zinashikiliwa na vijipini vya plastiki. Nyundo inavikata. Huoni kitu, husikii kitu, ila kolamu imeanza kucheza na usalama wake umekwisha. Gari zisizo na kolamu ya namna hiyo, pigo linaenda moja kwa moja kwenye beringi za boksi.

Soketi27
Hapo kwenye meno nimeshika mdomo bila kutaka.

Kipenga
Nyuzi tatu. Naandika kwa rangi kwenye boksi la zana.

NatiYaKati
FundiKimya, sasa unaogoma tuutoeje?

FundiKimya
Pula, kifaa cha kuvutia kwa bolti. Kama kitovu kina matundu mawili yenye nyuzi, yamewekwa kwa ajili hiyo. Za GM ni 5/16 yenye nyuzi 18 kwa inchi. Ingiza bolti zishike vya kutosha ila zisipitilize nyuma zikaharibu swichi ya indiketa. Kama hakuna matundu, tumia bamba la vipande viwili linalokaa nyuma ya kitovu. Kamwe usiikamatishe pula kwenye spoki za usukani, wala kwenye duara lake. Bakelaiti haipindi, inapasuka. Kaza pula mpaka iwe ngumu, kisha gonga kidogo kichwa cha bolti ya pula, ila si kwenye kolamu ya kujikunja.

MsasaLaini
Au pasha moto kitovu, unaachia wenyewe.

BiTorki
Msasa, moto wa nini kwenye plastiki ya miaka sitini? Duara litatoa malengelenge, na grisi ya beringi ya juu itayeyuka na kumwagika.

MsasaLaini
Sikusema tochi ya gesi. Mashine ya kukaushia nywele, dakika kumi, kwenye chuma tu.

BiTorki
Basi ungesema hivyo. Mimi nasema mafuta ya kutu usiku kucha na pula iliyokazwa, uende ukalale. Mara nyingi asubuhi unaukuta umeachia wenyewe.

MzeeWaSpana
Kitu kingine: msilegeze nati kwa kutegemea loki ya usukani. Kijipini cha loki ni chembamba, kinavunjika au kinapinda, halafu siku moja usukani unajifunga barabarani. Mtu mwingine ashike duara kwa mikono miwili. Wakati wa kukaza vivyo hivyo.

Kipenga
Na ukikuta kitovu kimeandikwa SRS, yaani kina mfuko wa hewa, hiyo si kazi ya uzi huu. Mercedes walianza kuweka mifuko ya hewa mwaka 1981, kwa hiyo gari linaweza kuitwa la zamani na bado likakulipukia.

Soketi27
Kwenye kurudisha, msisahau indiketa. Mkono wake uwe katikati kabla hujasukuma usukani, la sivyo kile kijino cha kuizima indiketa kinavunjwa na kitovu. Kwenye Beetle acheni nafasi ya milimita 2 hadi 4 kati ya kitovu na swichi. Ikigusana utasikia mkwaruzo kila kona.

NatiYaKati
Na ukikaa kombo baada ya kurudisha? Nisogeze jino moja?

MsasaLaini
Sogeza tu.

MzeeWaSpana
Hapana! Shafti yenye meno 36, jino moja ni digrii 10. Kombo lako la digrii nne utalipatia wapi? Pia boksi nyingi za zamani zimebanwa zaidi pale katikati, ndiyo maana gari linatulia likienda moja kwa moja. Usukani ukae sawa boksi ikiwa katikati, kisha tairi zifuatishwe kwa tairodi (vyuma vinavyounganisha stelingi na tairi), kushoto na kulia kwa kiasi kile kile.

MsasaLaini
Mzee, kama aliutoa bila alama akaurudisha jino moja pembeni, atagusa tairodi za nini? Arudishe jino lake.

MzeeWaSpana
Hapo uko sahihi. Kwanza hakikisha boksi iko katikati, ndipo ujue kosa liko kwenye jino au kwenye tairodi.

BiTorki
Nguvu ya kukaza, kwa spana ya kipimo: Beetle 50 Nm, W123 80 Nm na bolti mpya kila ukifungua, GM kama 40. Washa ya kukunja (kisahani kinachokunjwa kuizuia nati) ikishakunjuliwa mara moja, weka mpya. Wanaofunga usukani wa kununua kando wa Momo, matundu sita yako kwenye duara la milimita 70. Nardi ni 74, kwa hiyo msilazimishe. Na zile bolti ndogo za M5 zikazwe kwa mpangilio wa nyota, kwa mkono mwepesi. Kitovu cha aluminiamu kinakwisha nyuzi haraka.

NatiYaKati
Imeeleweka. Honi yangu sasa inalia kila nikikata kulia.

Soketi27
Waya umebanwa chini ya kitovu. Fungua tena. Nyuzi tatu!