Msaada wadau: mkusanyiko wa Franco Battiato, nichukue upi?

dada_wa_Catania
Wadau habari za jioni. Nataka kununua CD ya nyimbo zilizokusanywa za Franco Battiato, yule mwanamuziki wa Italia, dukani nimekuta nyingi na karibu zote zina sura yake na ile miwani basi nikachanganyikiwa nikatoka mikono mitupu. Kuna Battiato Studio Collection ya 1996, kuna boksi linaitwa Le nostre anime la 2015, halafu Torneremo ancora ya 2019. Ipi nzuri? Nahitaji kabla ya Jumamosi.

FundiSpika
Nzuri kwa nani dada? Ya kwako au zawadi? Bajeti shingapi, na huyo msikilizaji ana kitu cha kuchezea CD au ni mtu wa simu? Jazia nyama kwanza, humu huwa tunagombana kurasa tatu halafu mwenye uzi anakuja kusema kumbe alitaka ya kwenye gari.

Mzee_wa_Santuri
Mi siku zote nasema mikusanyiko ni ya wavivu. Chukua La voce del padrone ya 1981 uende zako. Nyimbo saba, nusu saa hivi, hakuna hata mmoja wa kuruka. Ndiyo albamu ya kwanza ya Kiitalia kuuza zaidi ya nakala milioni moja huko kwao, na haikuwa bahati, yeye na Giusto Pio yule mpiga fidla waliipanga hasa. Kwenye mkusanyiko wanakuchanganyia na mambo ya miaka kumi baadae, rekodi moja sauti iko juu nyingine iko chini, unabaki kushika kitufe cha volyumu tu.

kijana_Bologna
Mzee kwa msanii mwingine ningekubali ila huyu bwana alikuwa watu sita kwenye mwili mmoja. Albamu yake Fetus ya 1972 ni sintesaiza na makelele, kava lenyewe picha ya kijusi. Kufika 1979 kageukia pop, 1984 yuko kwenye mashindano ya nyimbo ya Eurovision na mwimbaji Alice wanaimba treni za Tozeur kule Tunisia, 1987 katoa opera pale Parma, miaka ya tisini mashairi anaandikiwa na mwanafalsafa kabisa, Manlio Sgalambro. Sasa hapo albamu moja inamwakilisha nani?

Mzee_wa_Santuri
Inamwakilisha yeye akiwa kwenye kiwango. Hayo makelele ya 1972 msikilize wewe na majirani zako.

dada_wa_Catania
Samahanini nilikuwa kazini. Ni zawadi, kwa bibi ninayemlea hapa Catania, Sisilia, anatimiza miaka themanini. Jikoni kuna ile redio yenye mshikio inapiga na CD. Bajeti euro 30 nisizidi. Wimbo anaoupenda kupita yote ni La cura, ukipigwa redioni ananiambia nizime feni ya jiko na niache vyombo asikie vizuri. Santuri zake za zamani anazo kabatini ila mashine ilishakufa.

FundiSpika
Yaani La cura ulikuwa nayo mfukoni muda wote huo ukanyamaza!! Basi Studio Collection itoe kabisa. La cura imo kwenye albamu ya L'imboscata ya 1996, na hapo alikuwa ameshaondoka kampuni ya rekodi ya EMI kahamia PolyGram, kwa hiyo mikusanyiko ya EMI ya enzi zile kama hiyo usitegemee kuukuta. Universal, waliokuwa wameshaimeza PolyGram, walipoinunua na EMI 2012 ndo ikawa rahisi nyimbo za pande zote mbili kukaa boksi moja. Le nostre anime ndo jibu, ukiipata kwa hiyo bei.

mama_Zuu
Akiipata MPYA jamani. Ngoja niwaambie ya kwangu. Nilinunua boksi la mtumba mtandaoni, si la Battiato la mwingine, muuzaji kaandika hali nzuri kabisa, limesikilizwa mara moja. Likaja limefungwa kwa gazeti na gundi ya kahawia, kufungua kijitabu hakuna, kava la ndani limepasuka, CD ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu nikaona mbona nyeupe, kumbe ya kuchoma nyumbani, kaandika namba 3 kwa kalamu ya wino mzito. Nikasema labda nyimbo ndo zenyewe, kuweka zikaanza nyimbo za Krismasi za watoto, tena mwezi wa saba. Nikamwandikia, akanijibu eti hiyo CD ni nzima haina mikwaruzo. Kuirudisha nauli ya posta inazidi bei ya boksi, nikaomba nirudishiwe hela nusu akanizuia nisimwandikie tena. Watoto wangu mpaka leo wanaziimba. Kwa hiyo dada mtumba fungua mbele ya muuzaji, hesabu moja moja.

kijana_Bologna
😂😂 hata mikwaruzo haina, mkweli yule

binti_Muscat
Mimi nawashangaa hakuna aliyetaja albamu yake Caffè de la Paix ya 1993. Humo anaimba Fogh in nakhal, ule wimbo wa Kiarabu wa Iraki aliouimba Nadhim al-Ghazali, na mwaka kabla yake, Desemba 1992, alishapiga Baghdad na okestra yao ya taifa wakati nchi iko kwenye vikwazo. Mama yangu aliusikia akauliza huyu mtu wa wapi.

Mzee_wa_Santuri
Kiarabu chake cha kuhesabia bei ya nyanya.

binti_Muscat
Alijifunza akiwa mtu mzima na anaeleweka, mzee wewe Kiitaliano chako kikoje?

NapoliDamu
Mngempa bibi Pino Daniele mkamaliza. Gitaa lile, na maneno yanaeleweka bila mwanafalsafa.

FundiSpika
Bibi wa Catania unampelekea mtu wa Napoli? Battiato ni wa Riposto, palepale jirani na Catania chini ya mlima Etna, na kafia Milo 2021 mlima uleule. Huyo ni mtoto wa nyumbani.

kijana_Bologna
Torneremo ancora mnaiacha hivihivi? La cura imo, amepiga na okestra ya Royal Philharmonic, nyingi za taratibu. CD moja tu, bibi hahitaji kubadilisha badilisha.

mama_Zuu
Sauti yake pale imechoka lakini. Mimi inanitia simanzi, siku ya kuzaliwa siitaki.

NapoliDamu
Halafu mwajiri anapewa zawadi ya euro 30 kweli? Watoto wake je wanaleta nini?

dada_wa_Catania
Wanaleta keki. Nimepita leo duka limeshafunga, saa saba mchana hapa hukuti mtu mpaka jioni. Le nostre anime waliyonayo ni lile boksi kubwa lenye DVD, bei sitaji. Kesho naenda duka la pili. Mzee wa Santuri, mashine ya santuri ikiwa haizunguki kabisa ila taa inawaka, ni nini?

Mzee_wa_Santuri
Mkanda wa mpira unaozungusha sahani. Fungua sahani ya juu uangalie kama umeyeyuka, usiushike kwa mkono mtupu unaacha weusi hautoki. Niandikie modeli.

FundiSpika
Sasa huo ni uzi mwingine.