Naomba ushauri: VNA ya poti mbili, waya pacha, na wastani usionisaidia

Wakuu, habari zenu. Napima kebo ya jozi ya waya zilizosokotwa, ohm 100 kwa modi ya tofauti (waya mbili zikibeba ishara zinazopingana), lakini VNA niliyo nayo, yaani mashine ya kupima jinsi ishara inavyopita na kuakisiwa kwenye kila masafa, ina poti mbili tu. Kwa hiyo napima poti mbili mbili, vipimo sita kwa jumla, zinazobaki nazifunga kwa ohm 50, kisha kompyuta inanikokotolea S za modi mchanganyiko, yaani namba za kupita na kuakisiwa zilizopangwa kwa modi ya tofauti na modi ya pamoja (waya zote mbili zikibeba ishara ile ile). Poti 1 na 2 ziko mwanzo wa kebo, 3 na 4 mwisho wake; S31 ni kinachotoka poti 3 ukiingizia poti 1.

Sdd21 (tofauti ikiingia, tofauti ikitoka) inatoka safi. Kinachoniumiza kichwa ni Scd21 (tofauti ikiingia, modi ya pamoja ikitoka), yaani nusu ya S31 − S32 + S41 − S42. Hapo S31 na S42, namba kubwa zinazokaribiana, zinakatana, na kinachobaki ni masalia.

Wastani wa vipimo 16 vya kurudia unapaswa kushusha kelele kwa 12 dB. Kweli mstari unalainika, ila hauzami: unaganda kwenye −45 dB hivi, hata nikibana upana wa IF (kichujio cha ndani cha mashine) kutoka 1 kHz hadi 100 Hz. Na wastani ni wa namba changamano, si wa ukubwa peke yake (hilo msiniulize, nimelihakikisha).

Nahisi hii si kelele tena. Ni kebo za kupimia zinazojikunja ninapohamisha viunganishi, au mashine inahama taratibu inapopata joto.

Mnatofautishaje makosa hayo na ubadilishaji halisi wa modi ndani ya kebo? Baluni (transfoma za kugeuza ishara ya waya mmoja kuwa ya tofauti) zitanisaidia, au kutolingana kwake kutaniletea balaa lile lile? Masafa ni 1 hadi 500 MHz.