Mjadala: Njia ya Western Breach pale Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, ifungwe moja kwa moja?

Mtoa hoja:
Wadau wa mlima, hili tuliongee bila kuzungukana. Januari 2006 mawe yaliporomoka kwenye ukuta wa magharibi wa Kibo, juu ya kambi ya Arrow Glacier, yakaua Wamarekani watatu na kujeruhi wapagazi. Njia ikafungwa, mwishoni mwa 2007 ikafunguliwa tena. Septemba 2015 jiwe likamuua Mmarekani mwingine kwenye ukuta huohuo. Kampuni bado zinaiuza.

Mimi nasema ifungwe.

Anayeujua ule ukuta anajua kwa nini watu huondoka Arrow Glacier kabla hakujapambazuka. Baridi ya usiku ndiyo inayoyashika mawe. Maji ya mchana huingia kwenye nyufa, usiku yakaganda na kutanuka, yakausukuma mwamba. Jua likipiga, barafu inaachia. Ukiwa chini unasikia mlio kwanza, halafu kila mtu anatafuta pa kujibanza. Na barafu yenyewe inaisha: tangu 1912 Kilimanjaro imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu yake. Kuwahi kuondoka kunapunguza hatari, hakuiondoi.

Watu hunitolea mfano wa Alps. Kule Uswisi, wanaoteleza kwa ski nje ya njia rasmi hawafungiwi mlima. Taasisi ya theluji iliyoko Davos hutangaza kila siku ya majira ya baridi hatari ya maporomoko ya theluji, kwa ngazi 5, na mtu anaamua mwenyewe. Hata huko ngazi ya 3 inaua wengi kuliko ya 5, kwa sababu ikitangazwa 5 watu hubaki nyumbani. Lakini yule anaamua juu ya shingo yake. Kwetu anayechagua njia ni mgeni, akiwa kwao, miezi kabla ya safari. Anayeipanda na kilo 20 kichwani ni kijana wa Moshi aliyepata kazi getini asubuhi ile, na akikataa kuna wengine nyuma yake wanaoisubiri.

Mchangiaji wa kwanza:
Kaka, umesahau kwamba wagumu, yaani wapagazi, wengi hawapiti pale. Kundi lisilolala kreta, lile shimo la volkano juu ya Kibo, mizigo yake inazungushwa kupitia kambi ya Barranco hadi kambi ya Barafu, wanapanda mgeni na waongozaji. Halafu ukianza kufunga kila penye hatari utafunga mlima wote, maana ugonjwa wa mwinuko unaua njia zote. Weka masharti: helmeti kwa kila mtu, mwisho wa kuondoka kambini ujulikane, theluji ikianguka hakuna kupanda. Msitukatie riziki.

Mchangiaji wa pili:
Helmeti kwa nani? Nimeona wageni wamevaa, aliyebeba mtungi wa gesi ana kofia ya sufu.

Mtoa hoja:
Suala la Barranco nakubali. Ila wanaolala kreta, juu ya mita 5,700, wanahitaji mahema, majiko na chakula, na hivyo vyote vinapandishwa na mtu. Ugonjwa wa mwinuko unakupa nafasi: mtu anaumwa kichwa, anatapika, unamshusha. Jiwe la ukubwa wa ndoo halikupi nafasi hiyo. Na riziki sioni inakatika vipi. Mgeni anaweza kufika kilele cha Uhuru kwa njia ya Lemosho au Machame kupitia kambi ya Barafu, na hawezi kwenda bila wapagazi.

Kama kufunga kabisa kunashindikana, basi tuanzie hapa: makundi ya Western Breach yasilale kreta, na mpagazi mwenye mzigo asivuke Arrow Glacier kwenda juu. Kuhusu helmeti, mchangiaji wa pili amemaliza. Kampuni isiyo nazo za wapagazi wake isipewe kibali cha njia hii. Waongozaji mliomo humu, haya mngeyakubali? Na kama mnaona bado hayatoshi, semeni mnachokiona nyie mnaopita pale.